Kuiga Jua na Mwezi: Historia Fupi Itazamwapo kutoka Tinde

Kila jamii iliyopata kuhesabu siku ilijitengenezea mfano wa jua na mwezi. Mfano huo waweza kuwa kijiti kilichosimikwa uani ili kivuli chake kipimwe, au fundo katika kamba, au kalenda ya ukutani, au saa ya mkononi. Katika zama hizi waweza pia kuwa dunia nzima iliyochorwa kwa kompyuta, ambamo mtu aliyeketi mbele ya kioo cha mashine hutembea, hujenga nyumba na kukutana na wenziwe chini ya mbingu isiyokuwapo. Mafundi wa dunia hizo hubishana juu ya jambo moja: jua lao na mwezi wao vifanane na vya kweli kwa kadiri gani? Swali hilo huonekana jipya, lakini si jipya. Watu wa Afrika ya Mashariki wamelijibu mara nyingi kwa matendo yao, na majibu yao yamehifadhiwa katika maneno ya lugha zao na katika saa wanazozifuata hata leo. Mahali pamoja panapofaa kuyachunguza majibu hayo ni Tinde.

Tinde imo katika Mkoa wa Shinyanga, karibu digrii 4 kusini ya ikweta na kiasi cha digrii 33 mashariki ya Greenwich. Ni njia panda: barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka, Kahama, na hatimaye mpaka wa Rwanda. Ni mahali pia ambapo nchi ya Wasukuma na ya Wanyamwezi zinakaribiana, na lugha za watu hao wawili, ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja, zimejaa alama za mbingu. Miongoni mwa majina ambayo Wanyamwezi walimwita Mungu ni Limi, yaani jua. Tena majina ya makundi ya watu ni majina ya pande za dunia: Sukuma ni kaskazini, Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki na Ng'weli ni magharibi. Mtu aliyeitwa Msukuma aliitwa hivyo na jirani aliyekaa kusini yake. Jina la Wanyamwezi nalo, kwa maelezo yaliyozoeleka, lilitoka kwa watu wa pwani, ambao waliwaita watu wa bara la magharibi kwa mwezi kwa sababu mwezi mchanga huonekana upande wa magharibi. Maelezo hayo yakiwa sawa, taifa kubwa limepata jina lake kutokana na mahali ulipo mwezi saa ya jua kuchwa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwani litahitajiwa mbele.

Kiswahili nacho kimejengwa juu ya msingi uo huo. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu yaliyotokana na kuchomoza na kuzama kwa jua. Kucha ni kupambazuka, na kuchwa, au kutwa, ni jua kuzama. Ndiyo maana mtu hulala usiku kucha na kufanya kazi mchana kutwa. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza iliyokwisha tangu jua litoke, si saa ya saba tangu usiku wa manane kama wasemavyo Waingereza. Kabla saa za kiwandani hazijaenea, vipindi vya siku vilitajwa kwa sala na kwa kazi: alfajiri, adhuhuri, alasiri, na hata mafungulia ng'ombe, neno ambalo mfugaji wa Usukuma hahitaji kufafanuliwa.

Siku yenyewe kwa Waswahili wa kale ilianza jua lilipokuchwa. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na magazeti ya leo, ili kuepusha utata, husema "usiku wa kuamkia Ijumaa." Tanganyika ilipopata Uhuru, bendera mpya ilipandishwa saa sita ya usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 9 Desemba 1961, kwa sababu katika kalenda ya kiserikali ndiyo dakika ambayo siku ya tarehe 9 ilianza. Kwa mzee wa pwani aliyeshika hesabu ya zamani, Jumamosi hiyo ilikuwa imekwisha kuingia tangu magharibi. Jua lilikuwa lile lile. Mifano miwili ya jua ndiyo iliyotofautiana.

Neno mfano hapa latumika kwa maana yake kamili. Hakuna kalenda iliyo mbingu yenyewe. Kila moja huchukua baadhi ya mambo ya mbingu na kuacha mengine. Kalenda ya Kiislamu huufuata mwezi tu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo hupita siku 29 na nusu hivi, na miezi kumi na miwili hutimiza siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote, wala Waswahili, waliohesabu miezi inayoifuata Ramadhani kwa majina ya Mfungo Mosi, Mfungo Pili na kuendelea, hawakuona kosa lolote katika mzunguko huo. Lakini mkulima na baharia walihitaji jua, kwa kuwa mvua na pepo hulifuata jua. Kwa ajili yao ilikuwapo hesabu ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na ambao mwanzo wake husherehekewa hata sasa Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, basi hurudi nyuma taratibu kulinganisha na jua, kiasi cha siku 24 katika miaka 100. Wenye kuutumia waliridhika na kasoro hiyo, maana katika maisha ya mtu mmoja haikuweza kumharibia shamba wala safari.

Funzo la kwanza ni kwamba watu hao hawakudai mfano ulio kamili. Waliuliza mfano ule ni wa kazi gani, wakahifadhi kile ambacho kazi ilikihitaji. Kalenda ya ibada iliushika mwezi ikaliacha jua. Kalenda ya shamba ililishika jua ikauacha mwezi. Wala hapakuwa na udanganyifu, kwa sababu kila mtumiaji alijua kilichoachwa.

Mfano wa namna nyingine uliingia nchi hii katika mizigo ya wageni. John Hanning Speke alipotoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini hata akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti 1858, alitafuta mahali alipo kwa kupima mianga ya mbingu. Kazi ya aina hiyo ilitegemea kitabu cha majedwali ya jua, mwezi na nyota, ambacho Waingereza walianza kukitoa kwa ajili ya mwaka wa 1767. Kitabu hicho kilikuwa mbingu ya karatasi. Mahali pa jua na mwezi palihesabiwa kwa saa ya Greenwich, na msafiri aliyekuwa Unyamwezi alilinganisha mbingu aliyoiona na mbingu iliyoandikwa; tofauti yake ndiyo iliyomwambia amefika wapi. Mfano huo ulifaa kwa sababu ulitangaza mahali pake: kila ukurasa ulisema kwamba hesabu yake ni ya Greenwich.

Baada ya hapo ilikuja reli. Njia ya kati ilifika Tabora mwaka wa 1912, na tawi la kwenda Mwanza, lipitalo Shinyanga, likakamilika mwaka wa 1928. Gari la moshi haliwezi kuendeshwa kwa jua la kila stesheni, kwani jua la Dar es Salaam hutangulia la Tabora kwa dakika 25 hivi. Lazima stesheni zote zishike saa moja. Basi saa ya nchi nzima ikawekwa kwa amri. Siku hizi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu kamili, na hiyo ni saa ya jua lililo juu ya mstari wa digrii 45 mashariki. Ukitazama ramani utaona kwamba mstari huo hauigusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Hupita baharini, mbali mashariki ya Pemba na Unguja. Saa ya Tanzania, kwa maneno mengine, ni mfano wa jua la Bahari ya Hindi.

Dar es Salaam hucheleweshwa na mfano huo kwa dakika kama 23, jambo ambalo wachache hulitambua. Tinde hucheleweshwa kwa dakika kama 47, na Kigoma kwa zaidi ya saa nzima. Saa ya ukutani isemapo saa sita kamili mchana, jua la Tinde halijafika utosini. Litafika, kwa wastani, dakika 47 baadaye. Asubuhi jua la Tinde halichomozi saa kumi na mbili hata siku moja katika mwaka. Huchomoza baada ya saa kumi na mbili na dakika 20, na katika baadhi ya miezi hukaribia saa moja kamili. Hivyo saa moja, ambayo kwa maana ya lugha ni saa ya kwanza iliyokwisha tangu jua kutoka, huwa ni dakika ambazo jua ndilo kwanza linatoka. Lori liondokalo Tinde kuelekea Rwanda, likivuka daraja la Rusumo, huingia nchi iliyo mbele ya Greenwich kwa saa mbili tu, na dereva hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Kwa hesabu ya jua peke yake, Tinde ina ujirani zaidi na saa ya Kigali kuliko saa ya Dar es Salaam.

Hata hivyo haikosi sababu ya kuitetea saa hiyo. Nchi moja hupata faida kubwa ikiwa na saa moja: mitihani huanza pamoja, taarifa za habari husikika pamoja, na mabasi hayagongani katika ratiba. Tena jua lenyewe si mtunza saa mwaminifu. Kwa sababu dunia hulizunguka jua katika njia isiyo duara kamili, na mhimili wake umeinama, jua la kweli hulitangulia jua la wastani kwa dakika kama 16 mwanzoni mwa Novemba, na hubaki nyuma kwa dakika kama 14 katikati ya Februari. Saa ya mkononi huisawazisha tofauti hiyo. Tena mchimbaji wa dhahabu katika mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, Kahama, hana jua lingine wakati wa zamu yake ila saa. Kwake mfano umechukua kabisa mahali pa kitu chenyewe, na humfaa kwa kuwa ni sawasawa na wa mwenziwe aliye juu. Mfano uliowekwa mbali na kweli kwa makusudi, na kwa mapatano, waweza kuwa chombo chema.

Hapo ndipo historia ya kuiga mbingu kwa mashine inapofaa kutajwa. Katika mwaka wa 1901 palitolewa baharini, karibu na kisiwa cha Antikythera cha Ugiriki, mabaki ya chombo cha magurudumu ya shaba chenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Wataalamu wamegundua kwamba kilionyesha mwendo wa jua na mwezi, na kwamba fundi wake alijitahidi kuiga hata kuharakisha na kukawia kwa mwezi katika safari yake. Katika mwaka wa 1923 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilionyesha mashine iliyotupa mianga ya mbingu juu ya kuba la ndani ya nyumba. Mashine hiyo ya kwanza iliweza kuonyesha mbingu ya latitudo moja tu, ile ya mji wa München. Ya pili ndiyo iliyorekebishwa ili mtazamaji apelekwe latitudo yoyote aitakayo. Mafundi waligundua mapema kwamba mbingu haina sura moja, na kwamba kuiga mbingu ni kuiga mahali.

Kompyuta zilipoanza kuchezewa michezo, swali likazuka tena. Mwaka wa 1962 vijana wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza mchezo wa vyombo vya angani ulioitwa Spacewar!, na mmoja wao, Peter Samson, hakuridhika na nyota zilizotawanywa ovyo. Akaziweka nyota za kweli, zilizo kati ya digrii 22 na nusu kaskazini na kusini ya ikweta ya mbingu. Hizo ni nyota ambazo mtu wa Tinde huziona zote zikimpitia juu. Lakini waliofuata wengi walichagua urahisi. Katika Second Life, iliyofunguliwa mwaka wa 2003, siku ya kawaida ilipangwa kuwa ya saa nne, tatu za mchana na moja ya usiku. Katika Minecraft, iliyokamilishwa mwaka wa 2011, mchana na usiku hutimia kwa dakika 20.

Minecraft yafaa kutazamwa kwa makini. Ilitungwa Stockholm, mji ambao jua lake halifiki utosini milele, na ambao mchana wake wa Juni huwa mrefu mara tatu kuliko wa Desemba. Lakini jua la mchezo huo hutoka mashariki, hupita juu kabisa ya kichwa, huzama magharibi, na siku zote hulingana. Pasipo kukusudia, mtunzi aliacha jua la kwao akachora jua lililo karibu sana na la Tinde. Tinde, mchana mrefu kabisa huzidi ule mfupi kwa dakika 27 hivi tu, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kiasi cha tarehe 11 Machi na tarehe 3 Oktoba. Kati ya tarehe hizo kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na muda uliobaki huelekea kaskazini. Jambo hili la pili mchezo haulijui, na mtoto akiuamini atadhani kwamba kivuli hakina upande.

Mwezi wake una kasoro iliyo kubwa zaidi. Mchezo humwonyesha mchezaji sura nane za mwezi, tangu mwezi mwembamba hadi mwezi mpevu, lakini mwezi huo, uwe na sura yoyote, siku zote hukaa upande wa pili wa jua: jua likizama magharibi, mwezi huchomoza mashariki. Kwa mwezi mpevu hiyo ni kweli. Kwa mwezi mchanga haiwezekani, maana mwezi ni mwembamba kwa sababu uko karibu na jua, na mwanga wake ni mwanga wa jua lililo upande ule ule. Mtu akiishi katika dunia hiyo hataona mwezi ukiandama magharibi baada ya jua kuchwa. Hataona kupatwa kwa jua, kama kulikoonekana Rujewa, Mkoa wa Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, kwa sababu mwezi wake hauwezi kupita mbele ya jua. Wala hataelewa kwa nini watu wa bara waliitwa kwa jina la mwezi.

Yamkini msomaji atasema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba hakuna apandaye mtama kwa kutazama mwezi wa Minecraft. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Katika Afrika ya Mashariki swali la mwezi si la mchezo. Kila mwaka Waislamu wa Tanzania na Kenya huzungumza juu ya mwandamo: wengine hungoja mwezi uonekane nchini, wengine hufuata tangazo la Saudi Arabia, na mara nyingine Idi husaliwa kwa siku mbili tofauti. Wako pia wanaotaka hesabu za wanajimu zitumike. Kila mmoja ana hoja zake, na si kazi ya historia kuamua kati yao. Lakini wote hukubaliana juu ya jambo moja ambalo hawalitaji kwa kuwa ni wazi mno kwao: kwamba mwezi mchanga hutafutwa magharibi, jua likiisha kuchwa, na kwamba Tinde, kama kwingine karibu na ikweta, hulala chali kama mtumbwi, hausimami wima kama uchorwavyo katika picha za nchi za kaskazini. Ubishi wowote wenye maana huhitaji ujuzi huo wa pamoja. Kizazi kitakachojifunza mbingu katika kioo kabla ya kuitazama nje kitaukosa ujuzi huo bila kujua kwamba kimeukosa.

Basi kanuni inayotokana na historia hii ni rahisi kuitamka. Kufupisha siku hakudhuru: mwenye mchezo akiifanya siku dakika 20, kila mtu anafahamu kwamba ni ufupisho, kama mkulima wa zamani alivyofahamu kwamba Nairuzi hurudi nyuma. Kuhamisha saa hakudhuru pia, mradi wenye kuifuata wajue ni jua la wapi. Kinachodhuru ni kuvunja mafungamano, yaani mwezi na nuru yake, jua na kivuli chake, upande na jina lake, huku sura ya kitu ikiachwa ifanane na kweli kiasi cha kuaminiwa. Mwezi wa duara uliochorwa bila sura zake usingemdanganya mtu. Mwezi wenye sura nane zilizowekwa mahali pasipo pake humdanganya.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kazi hiyo inawashinda mafundi. Programu ya Stellarium, itolewayo bure, humwezesha mtu yeyote kuandika latitudo na longitudo ya Tinde akaonyeshwa jua na mwezi wa Tinde kwa tarehe aitakayo. Hesabu zipo, na mashine zina nguvu ya kutosha. Kilichobaki ni kuchagua. Watunzi wa Afrika ya Mashariki wameanza kubuni michezo yao wenyewe, na siku moja mmoja wao atachora uwanda wa Shinyanga wenye mibuyu, mawe makubwa na mifugo irudiyo nyumbani. Akitaka aifanye siku yake fupi kama apendavyo. Ila mwezi wake mchanga na auweke magharibi, ulale chali, uzame muda mfupi baada ya jua. Hapo kuandama kwa mwezi, na usemi mwingine kama huo, utabaki na maana hata kwa mtoto anayeisoma mbingu kwa mara ya kwanza katika kioo.